Nanotyubu za kaboni na polima: uzifunge kwa bondi, uzizungushie tu, ama uziache kabisa?

Swali linalokuja sana kwa hawa wanafunzi wetu wa kemia na uhandisi hapa Nairobi, na hata kwa mafundi wachache wa faiba walioanza kusikia habari za nano, ni moja tu: nanotyubu nizishikanishe na polima, yaani plastiki ama resini, kwa njia gani ndio kompositi, ule mchanganyiko wa hizo mbili, iwe na nguvu? Na kila mtu anataka ajibiwe kwa jina moja, ati asidi, ati diazoniamu (hizi ni njia za kufunga, tutazifikia), basi. Mi nasema hivi, usianze na njia, anza na resini iko kwa meza yako na kile unataka hiyo plastiki ifanye, juu bondi kali kwa resini isiyofaa ni pesa imeenda, na bondi kali mahali ulitaka stima ipite ni hasara mara mbili.

Kwanza tujue tunagombania nini. Nanotyubu ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, imekunjwa ikawa mrija. Sumio Iijima wa Japani alizieleza 1991, zile za kuta nyingi, na za ukuta mmoja zikafuata 1993. Ya ukuta mmoja kipenyo chake ni kama nanomita 1, ya kuta nyingi inaweza kufika 10 na kupita. Ukakamavu wake unakaribia gigapaskali 1,000, chuma ni kama 200, epoksi iliyokauka ni kama 3 tu. Mwaka 2000 watafiti Marekani walivuta nanotyubu za kuta nyingi moja moja ndani ya darubini ya elektroni, na ule ukuta wa nje ukakatika kati ya gigapaskali 11 na 63. Ukiona hizo namba unadhani ukitia kijiko kimoja kwa resini umemaliza kazi.

Haiendi hivyo. Hizi vitu zinapendana zenyewe kuliko zinavyopenda resini, zinashikana kwa mafungu kama tambi zilizosahaulika kwa sufuria, na ngozi yake ni laini kabisa, haina mahali pa kushikwa. Ukivuta plastiki, plastiki inanyooka, tyubu inateleza ndani yake, mzigo haujafika kwa ile kaboni uliyolipia.

Hebu tupige hesabu, juu hapa ndipo mambo yote yamelala. Urefu ambao tyubu inahitaji ndio ikatike badala ya kuchomoka ni nguvu yake mara kipenyo, gawanya kwa mara mbili ya mshiko wa pembeni, yaani vile resini inaishika tyubu ubavuni. Chukua nguvu ya gigapaskali 30, kipenyo nanomita 10, mshiko megapaskali 30: unapata mikromita 5. Sasa panda na mshiko hadi megapaskali 100 na huo urefu unashuka hadi mikromita 1.5. Halafu angalia ile bidhaa ya kawaida ya viwandani ya kuta nyingi, kama NC7000 ya Nanocyl kule Ubelgiji, mtengenezaji anasema wastani wa urefu ni mikromita 1.5 na kipenyo nanomita 9.5. Umeona? Na mshiko wa 30 hiyo tyubu itachomoka karibu kila wakati, na mshiko wa 100 ndio inaanza kula mzigo wake kamili. Kwa hivyo bondi si urembo, kwa tyubu fupi bondi ndio kazi yenyewe.

Lakini bondi inalipiwa. Kila kaboni unayoifunga inatoka kwa ule mtandao bapa wa elektroni zinazozunguka huru na inageuka kuwa kona. Garg na Sinnott walipiga hesabu kwa kompyuta 1998 wakapata kufunga kemikali ukutani kunapunguza nguvu ya tyubu kama asilimia 15. Upande ule mwingine, Frankland na wenzake 2002 wakaonyesha, pia kwa kompyuta, kufunga chini ya asilimia 1 ya kaboni kunapandisha mshiko zaidi ya mara kumi. Ukiziweka hizo mbili pamoja jibu linajitokeza lenyewe: bondi chache zilizosambaa vizuri zinatosha, na mtu anayejaza tyubu bondi kila mahali anaharibu kile alichonunua.

Sasa tuziweke njia kando kwa kando.

Asidi ndio njia ya kila mtu, na kwa labu zetu ndio inawezekana haraka. Salfuriki na naitriki, tatu kwa moja kwa ujazo, unatia nanotyubu, unaweka kwa mashine ya mawimbi ya sauti ama unachemsha, ncha zinafunguka na mahali ukuta ulikuwa na kasoro panamea vikundi vya kaboksili, yaani vikundi vidogo vya asidi vyenye oksijeni. Hivyo vikundi ni mlango, kutoka hapo unaweza kwenda amini (kikundi chenye naitrojeni), esta, chochote. Uzuri wake ni bei na urahisi, kemikali ziko kwa wauzaji wa hapa mjini. Ubaya ni kwamba asidi inakata. Ukiendelea masaa mengi tyubu zinafupika, na rudi kwa ile hesabu ya juu uone kufupika kunamaanisha nini, umeongeza mshiko kwa mkono mmoja ukapunguza urefu kwa mwingine. Mi napendelea matibabu mapole, masaa machache, joto la chini, hata kama kaboksili zitakuwa kidogo. Na hii kazi ni ndani ya kabati la kufyonza moshi tu, ule moshi wa kahawia unaotoka kwa naitriki ni sumu ya mapafu na haina habari wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa nne. Kitu kingine, hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji yanachemka kama nyuzi 94 hivi, hata mchanganyiko wa asidi unachemka chini kidogo kuliko kule mwambao, kwa hivyo karatasi ikisema tu chemsha bila kutaja joto, weka kipimajoto na uandike namba yako.

Kuosha ndio watu wanachokea. Unachuja kwa utando wa PTFE, ile Teflon, wenye matundu ya mikromita 0.2, unamwaga maji safi, unachuja tena, mpaka maji yatoke karibu pH 7, yaani bila asidi, na inachukua muda mrefu juu ule utando unaziba na ile keki nyeusi. Usikate kona hapo. Asidi ikibaki ndani inaenda kumaliza amini ya hadna yako, ile dawa ya kukausha epoksi, na baadaye unalaumu nanotyubu bure.

Diazoniamu ni njia ya watafiti Bahr na Tour kutoka Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, 2001. Badala ya kupasua ukuta, unaubandika pete ya benzini ikiwa na mkia unaotaka, na tyubu inabaki na urefu wake. Walikadiria hadi kaboni moja kati ya 20 inaweza kupata kikundi. Kwa mtu anayejali nguvu hii ni bora kuliko asidi, sioni ubishi hapo, mradi uzuie isizidi. Chumvi ya diazoniamu ikikauka inaweza kulipuka, ndio maana wengi wanaitengeneza hapo hapo ndani ya chupa kutoka kwa anilini na isoamili naitraiti kwa nyuzi 60 hivi, haishikwi kama unga. Kama msimamizi wako hajawahi kuifanya, usiwe wa kwanza peke yako jioni ya Ijumaa.

Kuna ile ya Prato na wenzake kule Trieste, Italia, 2002, aldehaidi na asidi ya amino ndani ya kiyeyushi cha DMF, nyuzi 130, siku 5. Safi sana, tyubu haikatwi. Lakini siku 5 za kuchemsha mfululizo katika jengo ambalo stima inapotea bila kubisha hodi, bila jenereta, sidhani ni chaguo la projekti ya semesta moja. Kuweka florini nayo ni gesi ya florini, hiyo tuachie watu wenye mitambo yake, kama unaihitaji nunua ikiwa tayari.

Halafu kuna kupandikiza polima yenyewe juu ya tyubu, na hapa kuna pande mbili watu wanazichanganya. Upande wa kwanza unachukua mnyororo wa polima uliokwisha tengenezwa na unaubandika kwa tyubu. Ni rahisi, unajua uzito wa polima yako mapema, lakini minyororo ya kwanza ikishakaa inawazuia wenzao kufika ukutani, koti linakuwa nyepesi. Upande wa pili unabandika kianzishi kidogo kwa tyubu, mara nyingi kile chenye bromini, halafu unaotesha polima kutoka hapo kwa njia ya ATRP ama RAFT, ambazo ni njia za kukuza minyororo ya polima kwa mpangilio. Koti linakuwa nene na sawasawa, unaweza hata kuchagua unene. Kwa PMMA (plastiki ya akriliki) na polistairini hii ni nzuri mno na karatasi za 2004 kuendelea zimejaa mifano. Bei yake ni kutoa oksijeni yote, na kwa ATRP kusafisha shaba iliyobaki. Kama wewe ni mtu wa kemia ya polima na unataka kuonyesha uwezo wako, otesha. Kama wewe ni mtu wa mekanika unataka vipande vya kuvunja kwa mashine, bandika, ama ununue zenye amini.

Upande ule mwingine kabisa ni kutofunga. Sabuni kama SDBS, polima inayojizungusha, ama molekuli bapa kama pairini inayolala juu ya ukuta wa tyubu kwa mvuto wa pete kwa pete. Hakuna kaboni imeharibiwa, stima inapita vizuri, na kuna vipimo vya epoksi iliyoanza kupitisha stima ikiwa na asilimia 0.0025 tu ya nanotyubu kwa uzito. Kwa hivyo kama unatengeneza sakafu isiyojaza chaji, bomba la mafuta lisilotoa cheche, ama kihisi cha mkazo, usifunge. Nasema tena, usifunge. Udhaifu wake ni mshiko, na sabuni yenyewe inabaki ndani ya resini inailainisha. Pairini yenye mkia unaoingiliana na epoksi ni njia ya katikati ninayoipenda, upande mmoja unalala tu kwa tyubu bila kuiumiza, upande mwingine umefungwa na resini kwa bondi halisi. Haitashinda bondi kamili kwa kuvutwa, ila kama unataka nguvu kidogo na stima pia, anzia hapo.

Sasa resini, juu nilisema hapo ndio mwanzo.

Epoksi ya kawaida na hadna ya amini: chukua tyubu zenye amini. Kaboksili nazo zinaweza kufungua pete ya epoksi, lakini polepole na zinataka joto, wakati amini inaingia kwa mmenyuko ule ule wa hadna kama mwenzake. Watu huuliza kama wapunguze hadna kwa sababu tyubu zimeleta amini zake. Gramu 100 za epoksi yenye gramu 190 kwa kila moli ya vikundi vya epoksi ina vikundi karibu milimoli 526. Tia gramu 0.5 za nanotyubu, tuseme zina nusu milimoli ya amini kwa gramu, umeongeza milimoli 0.25. Ni tone, acha vipimo vya hadna vile vilivyo. Gojny na wenzake kule Hamburg walichanganya nanotyubu za kuta mbili zenye amini asilimia 0.5 ndani ya epoksi kwa mashine ya roli tatu, na ukinzani dhidi ya nyufa ukapanda kama asilimia 43, wakati nguvu ya kuvuta na ukakamavu vilipanda kidogo tu. Hiyo ndio picha ya ukweli ya hii kazi: kwa kiwango kidogo cha tyubu, faida kubwa iko kwa kuzuia ufa kukimbia. Anayetafuta ukakamavu peke yake atumie kitambaa cha faiba ya kaboni, atapata zaidi kwa pesa kidogo.

Poliesta ya mafundi, ile ya matangi na bampa na vipande vya bodi za matatu kule Kariobangi na Industrial Area: hiyo haikauki kwa amini. Inakauka kwa peroksaidi, minyororo na stairini zikifungana kupitia bondi zao maradufu za kaboni, kwa hivyo tyubu yenye amini haina kazi ya maana humo. Ungetaka tyubu zenye mkia wa methakrilaiti ama vinaili. Na kwa fundi wa kila siku, nasema kwa heshima kabisa, achana nazo kwanza. Uwiano wa faiba na resini, kutoa mapovu na roli vizuri, kupima kikaushio kwa sindano badala ya kwa macho, hayo yataongeza nguvu ya kile kipande kuliko gramu yoyote ya nano.

Polipropilini na polithini, zile zinapita kwa ekstruda, hazina kikundi chochote cha kushika. Hapo suluhisho limekaa sokoni miaka mingi: polipropilini iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki, inakutana na tyubu zenye amini ndani ya ekstruda yenyewe kwenye nyuzi 180 na kupanda, bondi inafanyika plastiki ikiyeyuka. Nailoni 6 ina ncha zake za amini, inaelewana na kaboksili bila kusumbua sana.

Utajuaje umefunga kweli na si kupaka tu? Hapa ndipo naona projekti nyingi zinalegea. Osha ile bidhaa kwa kiyeyushi kizuri cha hiyo polima, THF kwa PMMA kwa mfano, mara nyingi, kwa Soxhlet (kifaa cha kuosha kwa kiyeyushi mfululizo) kama ipo, na kando yake osha sampuli nyingine ambayo tyubu na polima vilichanganywa tu bila mmenyuko. Halafu choma zote mbili kwa TGA, mashine inayopima uzito ukipungua joto likipanda, ndani ya naitrojeni. PMMA inaisha kabla ya nyuzi 450 wakati nanotyubu bado zimesimama, kwa hivyo uzito unaopotea hapo ni polima iliyobaki. Kama ile ya mchanganyiko tu imepoteza sawa na yako, hujafunga kitu, umepaka. Ongeza Raman, kipimo cha mwanga wa leza: kilele cha D karibu na 1,350 kwa sentimita na cha G karibu na 1,580, D ikipanda dhidi ya G inaonyesha kaboni zimeguswa. Lakini Raman peke yake haisemi zimeguswa na nini, asidi inayoharibu tu nayo inapandisha D. TGA na Raman ziende pamoja, na ile sampuli ya kulinganisha isikose.

Kabla ujaanza kupima chochote, hewa. Mwaka 2008 mtafiti anayeitwa Poland (ni jina la mtu, si nchi) na wenzake walionyesha kwa panya kwamba nanotyubu ndefu za kuta nyingi zinaleta madhara yanayofanana na ya asbesto, na 2014 shirika la utafiti wa saratani la kimataifa, IARC, likaiweka aina moja, MWCNT-7, kwa kundi 2B, yaani huenda inaleta saratani kwa binadamu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mikrogramu 1 tu kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa zamu ya masaa 8. Barakoa ya kitambaa haisaidii hapo. Usipime unga mkavu mezani kukiwa na feni, usifagie, futa kwa kitambaa kilicholowa, na kusaga ama kukata kompositi iliyokauka fanya na maji. Na kwa hili tu ningelipa zaidi: nunua zikiwa zimeshachanganywa ndani ya epoksi ama ndani ya chembe za plastiki, si unga. Hata kuchanganya kunakuwa rahisi, juu kutenganisha mafungu ni nusu ya vita na wauzaji wana roli tatu ambazo sisi wengi hatuna.

Kwa hivyo mimi ningekuwa na pesa ya kununua kitu kimoja na epoksi kwa meza, ningechukua ile iliyochanganywa tayari na tyubu zenye amini, nikaipunguza kwa epoksi hadi asilimia 0.1, 0.3 na 0.5, nikaweka kando sampuli ya epoksi tupu na nyingine yenye tyubu zisizofungwa kwa asilimia zile zile, nikapima nyufa kwanza kabla ya kuvuta. Ningekuwa nataka stima ipite, ningechukua zisizofungwa na nisiguse asidi hata. Na ningekuwa na labu yenye kabati zuri, muda, na mtu wa kunisimamia anayejua kazi, ningeenda diazoniamu, bondi chache, tyubu ndefu, juu hiyo ndio inaniachia urefu na mshiko kwa pamoja.